MREJESHO: Mikono kufa ganzi safari ya Mwanza–Musoma

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nikitoka Mwanza na pikipiki kwenda Musoma, nikifika Magu tu kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, hadi kushika klachi inakuwa shida.

Aliyesema "unauegemea usukani" alinipatia kabisa. Nilikuwa nanyoosha viwiko, uzito wote wa kifua umelala viganjani. Kumbe mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita nyuma ya kiwiko, kisha pembeni mwa kiganja upande wa kidole kidogo. Ukiukandamiza muda mrefu, lazima ganzi. (Ingekuwa dole gumba na cha shahada, huo ni mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono.)

Fundi wa Igoma aliulegeza usukani akauzungusha kidogo kuja kwangu, akashusha leva za breki na klachi hadi kifundo kikanyooka. Akakuta na bolti ya injini imelegea! Mtetemo wote ule, mimi nalaumu barabara. Glavu za kubana nimempa shemeji.

Jumamosi nimekwenda tena: viwiko vimekunjwa, magoti yamebana tenki, mshikio nimeushika kama kifaranga. Nilipumzika Magu, Lamadi (sato wa pale sikumwacha) na Bunda. Ganzi ilikuja kidogo baada ya Bunda, mkono wa kulia, ule wa kuzungusha mafuta. Nikautikisa, ikaondoka.

Ule ushauri mwingine mlionipa, wa kufunga sponji kwenye mshikio, nilijaribu. Mshikio ukawa mnene, mkono ukachoka haraka zaidi. Nimeitoa.