Maji ya mji yameishia sheli, sisi wa traila tunaambiwa tusubiri mwenye ardhi

Wakuu habari za muda huu. Nimetoka shifti ya usiku sijalala, kwa hiyo nikiropoka mnivumilie, ila leo lazima niseme maana nimevurugwa.

Niko Iowa, Marekani, naishi kwenye traila. Kwa wasiojua, traila ninayosema sio ile ya kubebea mizigo, ni nyumba kabisa, vyumba vitatu, jiko, bafu, inatoka kiwandani imekamilika inakuja kupachikwa juu ya matofali. Inaitwa nyumba ya kuhamishika lakini hiyo ni geresha tu, kuihamisha ni maelfu ya dola na zile za zamani ukizivuta zinaachia vipande barabarani. Nyumba ni yangu, karatasi zake ninazo. Kiwanja ni cha kampuni, nakilipia kila mwezi. Hapo kwenye kiwanja pashikeni vizuri maana ndipo uchawi wote ulipo.

Paki yetu, yaani uwanja mzima wa kampuni uliopangwa traila za watu kama mimi, ipo nje ya mpaka wa mji. Sasa ukisikia nje ya mji usidhani ni porini, ukisimama getini sheli unaiona, na pale sheli kuna lile bomba jekundu la zimamoto limesimama, maana yake maji ya mji yamefika hapo. Nimepima kwa gari ni nusu kilomita na ushee. Pale sheli watu wanaoshea vioo vya magari maji ya mji, yaliyochujwa, yaliyopimwa, halafu sisi huku wenye watoto tunakunywa ya kisima cha paki ambacho kimechimbwa mimi sijazaliwa.

Na kisima chenyewe kina naitreti, ile kemikali inayotoka kwenye samadi na mbolea. Huku kote ni mahindi na nguruwe, hii Iowa ina watu milioni 3 na kitu na nguruwe zaidi ya milioni 20, sasa piga hesabu samadi yake inakwenda wapi. Inamwagwa mashambani, juu yake mbolea ya dukani, mvua za mwezi wa nne mpaka wa sita zikishuka vyote vinazama chini, na kisima chetu kimezungukwa na shamba pande tatu. Kiwango cha serikali kuu ni miligramu 10 kwa lita basi. Mwezi wa tano cha kwetu kimepimwa kikaleta 13. Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha, kwa mtu mzima unaweza usione kitu lakini mtoto mchanga akitengenezewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anabadilika rangi anakuwa kama bluu, na anaweza kufa.

Mji hawana shida hiyo? Wanayo. Hata Des Moines, makao makuu ya jimbo, mto wao umejaa vitu hivyo hivyo, wana mtambo wa kutoa naitreti toka mwanzoni mwa miaka ya 90, na kiangazi cha 2025 ilibidi watu wakatazwe kumwagilia nyasi ili mitambo iweze kwenda na mahitaji. Lakini wao wana mtambo! Sisi tuna pampu, tenki, na mzee mmoja anakuja na pikapu anatia klorini anaondoka. Klorini inaua wadudu, naitreti inaipita kama haioni.

Sasa nisikilizeni kilichonifanya nifungue uzi.

Kipimo kikizidi sheria inataka watu watangaziwe ndani ya saa 24. Sawa, wakabandika karatasi mlangoni kwa kila mtu. Kiingereza upande huu, Kihispania upande wa pili. Paki hii Waswahili tupo wa kutosha, Wakongo, Warundi, mimi Mbongo na familia nyingine mbili. Jioni naingia kwa jirani yangu, mama wa Uvira aliyelelewa kambini Nyarugusu, ana mjukuu wa miezi mitatu pale ndani. Nakuta sufuria kubwa jikoni inatokota, mvuke mpaka dirisha halionekani. Namuuliza mama unapika nini, ananiambia "Kaka, nachemusha maji ya mutoto, walibandika karatasi ya maji mubaya, basi mimi naiacha yitokote dakika makumi mbili."

Wakuu niliishiwa nguvu miguu. Ile karatasi ina mstari unaosema kabisa USICHEMSHE, kwa sababu naitreti haifi, ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo unamkoleza mtoto sumu. Na huyu mama amefanya kitu gani kibaya? Maisha yake yote, kijijini, kambini, kliniki, kila mtu aliyevaa fulana ya mradi amemwambia chemsha maji mama, chemsha maji. Sisi wote tumekuzwa hivyo. Amefanya kile kile alichofundishwa na alikuwa anakifanya kwa bidii, dakika ishirini! Nilizima jiko nikamwaga sinki, nikaenda kuchukua galoni mbili kwangu. Mtoto ni mzima, tulimpeleka akaangaliwa, namshukuru Mungu. Ila mimi usingizi sijaupata vizuri toka siku ile.

Basi nikasema naenda kwenye kikao cha madiwani. Huku unaruhusiwa kuongea, unajiandikisha unapewa dakika tatu, kuna taa ya kijani inageuka njano halafu nyekundu kama mataa ya Ubungo. Nikavaa shati, nikaongea. Cha kwanza nilichoulizwa, wewe ni mkazi wa mji? Nikasema hapana, niko paki ile. Nikaona kabisa kalamu zinawekwa chini. Diwani mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba wao wana wajibu kwa walipa kodi wao. Mimi nafanya kazi ndani ya mji huo, nanunua mchele, matairi na nepi humo humo na kodi ya mauzo nakatwa pale kaunta, ila mlipa kodi wao siye.

Wakaniambia njia ipo, paki iombe kuingizwa ndani ya mpaka wa mji, au mwenye paki asaini nao mkataba wa kuuziwa maji. Nikauliza sisi tukisaini watu wote wa paki je? Jibu: ombi linatoka kwa mwenye ardhi. Familia sabini na kitu zenye nyumba zao, sahihi zetu zote pamoja hazifiki ya kampuni moja ambayo ofisi yake iko jimbo lingine na hakuna mtu wake hata mmoja anayekunywa haya maji.

Kampuni nayo ukiifuata inasema mji unataka mabomba yote ya ndani ya paki yafumuliwe yawekwe mapya ndio waunge. Hapo kwa kweli mji siwalaumu sana, yale mabomba yanavuja, kuna sehemu theluji huwa inayeyuka yenyewe unajua tu chini kuna tundu. Lakini kampuni inasema gharama ikija itaongezwa kwenye kodi ya kiwanja. Walipoinunua paki kodi waliipandisha ndani ya mwaka wa kwanza na hakuna bomba lililofumuliwa, hiyo ilikuwa ya nini? Na ukikasirika uhame unahamia wapi, nyumba unaibeba kichwani?

Kila mmoja anamsukumia mwenzake na sisi tuko katikati. Mimi hata wakisema bei ya nje ya mji ni mara moja na nusu, hata mara mbili kama wanavyofanya sehemu nyingi, niko tayari nilipe, maana sasa hivi nalipa maji mara mbili, kwenye bili ya kampuni kuna mstari wa maji halafu Jumamosi naenda kununua galoni dukani.

Na msiniambie haiwezekani. California kuna kitongoji kinaitwa Tooleville, nyumba hazifiki mia, maji ya visima mabovu, mji wa Exeter uko chini ya maili moja na ulikuwa unawakatalia kwa miaka kama ishirini. Jimbo lina sheria inayoruhusu kulazimisha kuungwa, mwaka 2021 likawabana nayo, na Exeter ikakubali. Jirani yao East Porterville visima vilikauka kwenye ukame wa 2014, watu wakawekewa matenki nje ya nyumba, halafu kuanzia 2016 wakaungwa kwenye mabomba ya Porterville, nyumba mamia, jimbo ndio limelipa. Miji haikuamka siku moja ikawa na huruma, ilisukumwa kutoka juu. Hapa kwetu wa kusukuma nani?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mnaosema rudi Bongo, mimi nimekulia Kimara, madumu nimebeba, maji ya boza nimenunua, kwa hiyo msinifundishe shida ya maji. Tofauti ni kwamba Kimara tulikuwa tunajua wa kumtukana. Diwani ni wetu, mbunge ni wetu, akija na fulana na khanga mnamzomea. Huyu diwani wa huku sio wangu, kura yangu haimfikii, nimzomee kama nani?

Aliyeuliza kuhusu filta: ule mtungi wa kawaida wa kuchujia wa mezani hautoi naitreti, msidanganyane. Inatakiwa ile ya rivasi osmosisi, inayopitisha maji kwenye utando mwembamba sana, ya kufunga chini ya sinki, mimi ninayo na huyo mama nimemfungia. Bado familia nyingine sitini na kitu.

Na hii ndio imetokea leo asubuhi. Wiki iliyopita nilichapisha karatasi ya Kiswahili, herufi kubwa, USICHEMSHE MAJI YA MTOTO, TUMIA YA DUKANI, nikabandika mlango wa chumba cha kufulia. Leo natoka kazini nakuta imebanduliwa, nikaenda ofisini, yule dada wa pale akaniambia matangazo yote yanatakiwa yapate kibali cha kampuni kwanza, na kampuni haiwezi kuidhinisha lugha isiyoielewa.

Nimechapisha nyingine thelathini, na safari hii nimenunua gundi ya mbao.