Mafinga au Iringa mjini: kuna kikundi cha walioacha pombe?

Fundi_Milango:
Kamwene wakuu. Mimi ni seremala, miaka 41, nipo Mafinga. Natafuta watu walioacha pombe na wanaokutana kuongea, iwe hapa au hata Iringa mjini. Mahubiri nimeshayasikia ya kutosha.

Nieleze kidogo msije mkanijibu "acha tu". Kuacha nimeacha mara tatu. Kiangazi namaliza hata miezi miwili bila shida. Mvua zikishika, mianzi ikaanza kutoa ulanzi, pombe yetu ya huku, nimekwisha. Asubuhi ni mtogwa, ulanzi mpya, mtamu, hata watoto wanaonja. Jioni nipo kwenye mkangafu, ule uliochacha ukawa mkali, na sikumbuki nilivukaje barabara. Halafu kazi yangu yote ipo kilabuni: mwenye mbao yupo pale, mwenye lori yupo pale, mteja wa milango anakununulia lita kwanza ndipo mnataja bei. Nikisema nikae nyumbani, ikifika saa kumi na moja mvua inanyesha, ukungu umeshuka, mikono haina la kufanya. Saa hiyo ndiyo inayonimaliza, maana sina pengine pa kwenda kukaa.

Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku 2017 mke wangu alifunga siku tatu za shukrani. Ilikuwa Machi, ulanzi umejaa kila kona. Nilihamia ulanzi wiki hiyohiyo.

Kanisani nilijaribu. Nilimweleza mzee mmoja faraghani, Jumapili nikasikia naombewa kwa jina langu na la baba yangu. Sijarudi.

La mwisho. Mara ya tatu niliacha ghafla. Usiku wa pili mikono ilitetemeka hadi kikombe kikaniponyoka, nikaona siafu ukuta mzima. Mama akasema nimetupiwa kitu. Nikanywa nusu lita, siafu wakaondoka. Sasa hata kuacha kwenyewe naogopa.

Mnyalu_Original:
Hamia Dodoma mkuu, kule hakuna mianzi 😂

Fundi_Milango:
Dodoma kuna zabibu, ndugu yangu.

Kijana_wa_Mwanjelwa:
Nasikia hospitali ya rufaa Mbeya wanatoa methadoni. Jaribu huko.

Tabibu_Zamu:
Methadoni ni ya waliozoea heroini, kwa pombe haisaidii. Tusimpoteze mwenzetu nauli.

Fundi, hao siafu hukutupiwa na mtu. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, ubongo unachachamaa: kutetemeka, jasho, kukosa usingizi. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa siku ya pili hadi ya nne. Wapo wanaokufa hivyo, na majirani wanasema karogwa. Kwa hiyo usiache peke yako ukiwa umejifungia chumbani. Nenda hospitali ya mji, omba kumwona mtu wa afya ya akili, mweleze unakunywa kiasi gani kwa siku na umtajie hao siafu, usione aibu. Kuna dawa za kutuliza kwa siku chache na vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa wamepungukiwa. Wakiona kesi ni nzito watakuandikia rufaa.

Mama_Wawili_Uyole:
Kaka, pole. Mimi nilikuwa napika komoni, pombe ya kienyeji, na mnywaji wa kwanza wa pipa nilikuwa mimi. Sasa nina miaka minne.

Sisi tupo sita huku Uyole, Mbeya. Hatuna jina wala bango. Jumamosi saa kumi tunakaa nyuma ya duka la mbegu, kila mtu anaeleza wiki yake ilivyokwenda, tunakunywa chai, tunaondoka. Utaratibu tuliuchukua kwa wale Wamarekani walioanzisha Alcoholics Anonymous (AA) kule Akron, Ohio, mwaka 1935. Mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari wa upasuaji, walevi wote wawili. Walikaa wakaongea, wakaona mlevi anamsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mkewe (nami naamini, mume wangu alinisema miaka kumi). Hakuna kiingilio, sharti ni kutaka kuacha tu. Ya pale hayatoki pale. Huyo mzee wako wa kanisani, kwetu asingemaliza wiki.

Kuhusu wateja, weka birika karakana. Mwambie mteja bei inaongelewa kwako, penye randa na mbao. Mimi nilipoacha komoni niliuza maandazi, na nusu ya wateja walikuwa walewale.

Uyole ni mbali na wewe, najua.

Dereva_Makambako:
Mimi natimiza mwezi wa saba, peke yangu, na jioni inaniuma hivyohivyo. Kila Alhamisi napita Mafinga na viazi kwenda Iringa. Kama wale walianza wawili, fundi, nikikupitia si tumetimia?

Fundi_Milango:
Tabibu, nimekwenda jana. Daktari ni kijana mdogo, nilipotaja siafu akaandika tu, hakucheka. Nimepewa vidonge na tarehe ya kurudi Jumanne. Mke wangu ndiye anayevitunza.

Mama Uyole, ndaga sana. Birika nimelipata, la mtumba, mfuniko hauna kishikio nikauchongea cha mti.

Dereva, Alhamisi saa kumi na moja. Ukifika stendi nitumie ujumbe, nitakufuata na mwavuli. Sukari njoo nayo.