Mzee ana Parkinson, bega na mguu vinamuuma: aanze na mazoezi gani?

Mlezi2
Habari wakuu. Mzee ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili), anatumia levodopa, dawa ya ugonjwa huo, mara 3 kwa siku. Bega la kulia limekaza, mgongo umeinama, na alfajiri vidole vya mguu hujikunja kwa maumivu makali. Mazoezi ya asubuhi yanamshinda kabisa. Tuanzie wapi?

TibaViungo
Pole kwa kuuguza, mkuu. Hayo maumivu hayana chanzo kimoja. Bega na mgongo ni misuli iliyokakamaa na viungo vinavyotumika kidogo, na hapo mazoezi husaidia sana. Vidole kujikunja alfajiri mara nyingi ni dalili kwamba dawa ya jana imeisha mwilini. Andikeni kwa wiki moja saa za kumeza dawa na saa za maumivu, daktari apange upya dozi. Msiiongeze wala kuikatisha wenyewe.

Asubuhi anashindwa kwa sababu dawa haijashika. Subirini dakika 30 hadi 60 baada ya kumeza. Aimeze nusu saa kabla ya kula, maana protini hushindana nayo kufyonzwa.

Bega: alale chali, magoti yakiwa yamekunjwa, ashike fimbo kwa mikono yote miwili, aiinue taratibu kupita kichwa hadi ahisi misuli inavutika. Abaki hapo sekunde 20 hadi 30, akipumua kawaida, arudie mara 3. Tafadhali msimvute mkono kwa nguvu. Misuli hukaza zaidi kujilinda, na bega linaweza kuumia.

Mgongo: asimame akiegemea ukuta, arudishe mabega nyuma. Kisha akae, ageuze kiwiliwili kulia na kushoto.

Nesi_Zamu
Naongezea. Mgonjwa wa Parkinson huona amenyoosha mkono wote kumbe ni nusu, kwa hiyo kioo mbele yake kinasaidia. Mwambieni "kubwa zaidi", si "haraka zaidi".

Maumivu yakizidi 4 kati ya 10, au yakibaki juu hadi kesho yake, punguzeni marudio. Ainuke kwa hatua: akae kwanza dakika moja au mbili, maana presha hushuka ghafla akisimama. Miguu ikiganda, yaani ikigoma ghafla kupiga hatua, msimsukume. Asimame, ahamishe uzito mguu hadi mguu, ndipo apige hatua ndefu kwa kuhesabu.

Mlezi2
Asanteni sana. Na alfajiri mguu ukikaza, tufanye nini?

TibaViungo
Akae kitandani, unyayo wote ukanyage sakafu, akandamize goti kwa mkono taratibu, sekunde 30. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye misuli ya nyuma ya mguu hulegeza. Kisiwe cha moto.

Akizoea, kutembea kuanze dakika 10 na kupande polepole kuelekea dakika 150 kwa wiki. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, ukifa ganzi ghafla, au akishindwa kuzuia mkojo, acheni mazoezi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.