Chanjo ya tegu ya nguruwe: kwa nini sindano mbili, na dawa ya nini tena?

MifugoNyanda: Habari wakuu. Kuna mradi unaleta TSOL18, chanjo ya kumkinga nguruwe dhidi ya tegu, pamoja na oksifendazoli, dawa ya minyoo. Nguruwe wa huku wanazurura, wengi wana miezi mitatu hadi sita. Sindano moja haitoshi? Kama chanjo inafanya kazi, dawa ya nini? Na mbona minyoo ya binadamu haina chanjo mpaka leo, lakini ya nguruwe imewezekana?

DaktariWaZizi: Naanza na dawa, maana ndipo watu wanapokosea.

Chanjo inaua kiinitete cha tegu tu. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai hufunguka tumboni na viinitete vyenye ndoano sita hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Hapo, kwa muda mfupi, vinakuwa wazi: kingamwili za TSOL18 huvikamata, komplementi (protini za damu zinazosaidia kuua vimelea) huvimaliza. Kiinitete kikishafika kwenye msuli na kugeuka lengelenge (kifuko chenye tegu mchanga), chanjo imechelewa. Nguruwe wa miezi mitano wa kuzurura huenda tayari ana malengelenge siku unapomchoma. Hayo yanauawa na oksifendazoli.

Dozi ni 30 mg kwa kila kilo ya uzito, mdomoni, mara moja. Ya ng'ombe ni kama 5 mg kwa kilo. Ukimpa nguruwe hiyo, malengelenge hayafi. Soma chupa: ya asilimia 10, nguruwe wa kilo 30 anahitaji 9 ml. Ile ya asilimia 2.265 ya ng'ombe, nguruwe huyohuyo anahitaji karibu 40 ml, na kumnywesha zote bila kumpalia ni shughuli. Mpe kidogo kidogo, asubiriwe ameze, kichwa kisiinuliwe sana. Majike wenye mimba changa usiwape, dawa za kundi hili zinaweza kudhuru kijusi.

Usichinje mapema. Mbali na mabaki ya dawa, malengelenge yaliyokufa huonekana nyamani kwa wiki nyingi, na mkaguzi ataikataa. Hesabu miezi mitatu. Yaliyo kwenye ubongo hayafi yote.

Maabara_Kaskazini: Kuhusu sindano: ya kwanza inaufundisha mwili tu, kingamwili zinazopatikana ni chache. Ya pili, wiki tatu hadi nne baadaye, ndiyo inayozipandisha hadi kinga. Kisha zinashuka ndani ya miezi, kwa hiyo kampeni zinarudia kila miezi mitatu au minne. Ukikosa ya pili, hesabu hujachanja. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda itupwe hata kama inaonekana nzima.

Jaribio la Cameroon lililochapishwa 2010 lilitumia chanjo na dawa pamoja: waliochanjwa hawakukutwa na malengelenge hai, wasiochanjwa wakakutwa nayo.

KingaNaMinyoo: Swali la tatu ndilo tamu. Tegu ana hatua moja dhaifu inayopita kwenye damu, na nguruwe anayezaliwa leo hana historia naye. Safura, minyoo ya utumbo wa binadamu inayonyonya damu, ni kinyume. Chanjo ya Na-ASP-2, iliyotengenezwa kwa protini ya lava (mnyoo mchanga) wa safura, ilijaribiwa Brazil kwa watu waliowahi kuambukizwa. Tayari walikuwa na kingamwili za IgE, zile zinazoleta mzio, dhidi ya protini hiyo, na baadhi wakatoka mabaka ya mzio mwilini kote. Jaribio likasimamishwa. Watafiti wakahamia kwenye protini za mnyoo aliyekomaa zinazomsaidia kutumia damu anayokunywa, kama Na-APR-1 na Na-GST-1. Hizo mwili hauzioni sana wakati wa maambukizi, kwa hiyo IgE ya zamani si kikwazo sana. Tatizo jipya: mnyoo lazima aimeze kingamwili pamoja na damu.

MifugoNyanda: Nimeelewa. Vitoto vilivyozaliwa kati ya raundi?

Maabara_Kaskazini: Subiri wafike miezi miwili, waingize raundi inayofuata kama wapya, sindano mbili. Mpaka hapo wafungiwe bandani.

DaktariWaZizi: Na waambie hospitali ya wilaya kuhusu mwenye tegu. Yeye ndiye chanzo. Mtu mzima hupewa niklosamidi gramu 2 mara moja, inafanya kazi utumboni tu. Prazikwanteli, dawa nyingine ya tegu, inapita kwenye damu, na kwa mwenye malengelenge ubongoni inaweza kuamsha degedege, hivyo mwenye kifafa apimwe kwanza.