Msumeno wa meza: milango ya mkongo na makabati ya MDF, nichukue upi?

Seremala wa Uswazi
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo, umeme wa njia moja, huu wa kawaida wa majumbani. Natengeneza milango na fremu za mninga na mkongo, ila siku hizi wateja wanataka makabati ya jikoni ya MDF, zile shiti za unga wa mbao uliogandishwa. Mpaka leo napeleka mbao kwa jirani anipasulie, kila mpasuo pesa, na foleni juu. Nimeona msumeno mpya wa kubebeka wa nchi 10, na mwingine wa mtumba, mkubwa, chuma kitupu, bei inalingana. Moyo uko kwa huo mkubwa. Mnasemaje?

Randa Kali
Umesoma kibao cha mota, kile kinachoandikwa volti zake? Mimi nilibeba wa Japani kwa furaha, kufika nyumbani kumbe volti 200, njia tatu. Mwaka mzima tumeufanya meza ya kuwekea chai. Na vile vifaa vya njano vya Uingereza ni volti 110, ukichomeka kwenye 230 yetu unanusa moshi tu.

Vumbi la Mninga
Mkuu, bledi (diski yenye meno) ya nchi 10 inazama kama sentimita 7.5, ubao wa nchi 2 haukusumbui. Kinachosumbua ni mota. Mkongo mkavu wa 2x6 ukiupasua kwa urefu, mashine ndogo inalia, ukingo unatoka mweusi kama umebanikwa. Weka bledi ya meno 24 kwa kupasua, ya meno 60 kwenda juu kwa kukatiza na kwa MDF. Wengi wanaacha bledi moja mwaka mzima, halafu wanalaumu mashine.

Kingine ni fensi, ile reli ya kuegemezea ubao. Ifunge, kisha sukuma ncha yake ya nyuma kwa kidole. Ikicheza, rudisha dukani. Fensi isiyokaa sambamba na bledi inabana ubao.

Mama Makabati
Ubao ukibanwa, unakurudia! Mimi ulinipiga tumboni, wiki nzima siinami. Mashine yangu ya mtumba ilishang'olewa kile kisu cha nyuma ya bledi kinachozuia mpasuo usijifunge. Usinunue isiyo nacho, na usisimame mkabala na bledi.

Kuhusu MDF: shiti zima la futi 8 kwa 4, la milimita 18, ni karibu kilo 40. Ukiliweka kwenye kimeza kidogo vinapinduka vyote. Mimi nachana kwanza chini kwa msumeno wa mkono wa umeme na rula ndefu, nabakiza milimita 5, ndipo nanyoosha mezani. Na barakoa usisahau.

Seremala wa Uswazi
Nimerudi kusoma kibao. 380, njia tatu 😂 Basi nachukua mdogo na bledi mbili. Milango mikubwa nitaendelea kupeleka kwa jirani kwa sasa.

Randa Kali
Beba na kipande cha mkongo, uombe kuujaribu hapohapo dukani. Muuzaji akikataa, ondoka.