Mzazi aliyeingiwa na huzuni: je, ni kazi ya mhudumu wa afya ya jamii?

Mkaazi wa Kojani
Assalamu alaykum. Shehiani kwetu, katika kisiwa cha Kojani, Pemba, wapo wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, ambao hupita nyumba kwa nyumba na simu zenye programu ya Jamii ni Afya kuwaangalia wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Jirani yangu yumo ndani ya arubaini yake. Mtoto ananyonya vizuri, lakini mama halali hata mtoto akilala, hula kwa kubembelezwa, na akiulizwa hujibu kuwa hajambo. Wakwe wanasema ni shetani. Je, tumwite mhudumu, au tuvuke moja kwa moja hadi hospitali ya Wete?

Muuguzi mstaafu, Wete
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mwiteni mhudumu, kwa kuwa ameshazoeleka nyumbani humo na hodi yake haizushi maneno. Ninalolisisitiza ni kuwa azungumze na mzazi wakiwa wawili tu, kwani mbele ya mama mkwe jibu litabaki lile lile la "sijambo". Aulize usingizi, chakula na kilio, kisha aulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hivyo hakumtii mtu fikra hiyo. Akikubali, au akiwa anasikia sauti wasizozisikia wengine, asiachwe peke yake, na avushwe siku hiyo hiyo. Kisomo cha Kurani kiendelee, hakizuii matibabu.

Mwalimu, Chake Chake
Naongezea kuwa kazi hii haimshindi asiye daktari. Vijijini Pakistan, wahudumu wa kike wa afya walifunzwa kuzungumza na wanawake waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tangu ujauzito, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 yao ndio waliokuwa bado na sonona, ilhali kwa wenzao ambao hawakupata mazungumzo hayo ilikuwa asilimia 53.

Mhudumu wa kujitolea, Micheweni
Ni kweli, mwalimu, lakini hao walifunzwa na walikuwa na wasimamizi. Mzazi akinifungukia, nami sina wa kumpigia simu kituoni, nitakuwa nimemfunua nikamwacha. Mafunzo bila ya msimamizi hayatoshi, na hilo waliangalie wanaotupangia kazi. Ndugu wa Kojani, mwambie mhudumu wenu leo, kwa faragha, si barazani, naye ampe taarifa msimamizi wake kabla ya kwenda, ili kituo kijue kuwa huenda mgonjwa akaletwa.