Mrejesho: kukata silabi na kuweka mkazo kwenye Kiitaliano

Wakuu, niliuliza kwa nini pasta hukatwa pa-sta ilhali porta ni por-ta, na mkazo huangukia wapi. Asanteni sana, nimeelewa.

L, m, n na r zikifuatwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma: can-to, por-ta. S haibaki, inakwenda mbele na wenzake: fi-ne-stra. Konsonanti pacha hugawanywa, pal-la, na hata cq, ac-qua. Gn na ch haziguswi: ba-gno.

Penye taabu kwetu ni mkazo. Kiswahili kimetuzoesha silabi ya pili toka mwisho, na mara nyingi Kiitaliano nacho ni hivyo hivyo, ndiyo maana mtego hauonekani. Chukua parlano, "wanazungumza". Ukisoma par-LA-no umekosea. Ni PAR-la-no, mkazo unabaki pale pale ulipo kwenye parla, "anazungumza". Kwenye telefonano, "wanapiga simu", unarudi hadi silabi ya nne toka mwisho: te-LE-fo-na-no!

Kwa neno la silabi kadhaa, alama ya mkazo juu ya irabu ni lazima mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho tu: papà ni baba, papa ni Baba Mtakatifu. Ancora haina alama, kumbe AN-co-ra ni nanga na an-CO-ra ni bado. Hapo fungueni kamusi kabla ya kukariri.